Mzee Mwenye Kansa ya Kibofu: Zipimwe Figo Zake, Isihesabiwe Miaka Peke Yake

(Maneno yaliyosomwa na kamati ya afya ya tawi mbele ya mkutano wa wanachama)



Katika mkutano uliopita lilitolewa shauri kwamba mfuko wetu wa kusaidiana usitoe tena fedha kwa mwanachama aliyestaafu akiisha kuambiwa ana kansa iliyoenea mwilini. Waliolitoa si watu wabaya. Walisema hivi: mfuko ni mdogo, vijana wana watoto shuleni, na mzee aliyepita miaka 70 mwenye kansa ya namna hiyo hata akitibiwa hatapona, basi fedha yatupwa. Wengine walipiga makofi, wengine walinyamaza, na wazee waliokuwa wameketi nyuma waliangalia chini. Kamati ya afya tukaagizwa tulitazame neno hili, kisha tuje tuseme tulichokiona.

Kansa ni nyingi na hatuwezi kuzisema zote kwa jioni moja. Tumechagua moja, ile ya kibofu na njia za mkojo, kwa sababu ni ugonjwa wa wazee hasa. Huko Marekani, ambako hesabu za wagonjwa zimewekwa kwa miaka mingi, nusu ya wanaopatikana nayo wamefika miaka 73 au wamepita. Tena ni kansa yenye udugu na kazi za mikono, jambo tutakaloligusa baadaye.

Kwanza tueleze maneno. Figo mbili hutengeneza mkojo. Mkojo hushuka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, ukaingia katika kibofu, ukangoja huko mpaka mtu aende msalani. Ndani ya njia yote hiyo kuna utando, na kansa tunayoisema huanza katika utando huo, mara nyingi kibofuni. Dalili yake kubwa ni damu katika mkojo. Hila yake ni kwamba damu hiyo mara nyingi haina maumivu: hutoka leo, hupotea mwezi mzima, kisha hurudi. Mzee husema imekwisha, na huku haijaisha. Akina mama nao huweza kupewa dawa za maambukizo ya mkojo mara tatu, mara nne, kabla mtu hajafikiri jambo jingine. Na ndugu zetu wa Pwani na wa mto Tana, waliokua wakioga katika maji yenye kichocho, wengine wamezoea kuona mkojo wa damu tangu utoto, hata hawaushangai. Kichocho hicho kikikaa miaka mingi bila dawa chaweza chenyewe kuleta kansa ya kibofu. Hiyo mara nyingi ni kansa ya namna nyingine, na majaribio ya dawa tutakayoyataja hayakufanywa juu yake. Daktari huzitambua kwa kukata kipande kidogo na kukitazama kwa darubini, kwa hivyo kipimo hicho kisirukwe.

Ikiwa kansa iko bado juu ya utando, hukwanguliwa kwa chombo kinachopitishwa katika njia ya mkojo. Ikiwa imeingia katika nyama ya kibofu, huenda kibofu kikatolewa chote, au kikatibiwa kwa mionzi pamoja na dawa. Ikiwa imetoka nje ikafika katika tezi, mifupa, mapafu au maini, ndipo husemwa imeenea. Maneno yetu ya leo ni juu ya hii ya mwisho.

Basi tuanze na ukweli mchungu. Ni kweli kwamba kansa hii ikiisha kuenea, walio wengi hawaponi kabisa. Hatukuja hapa kuwauzia watu matumaini. Lakini kutopona na kutotibika si kitu kimoja. Mwenye kisukari haponi. Mwenye presha haponi. Wala hakuna mtu katika tawi hili aliyewahi kusimama akasema hao wasipewe dawa. Swali la haki ni hili: dawa yampa mzee nini, nayo yamtoza nini?

Dawa iliyoleta tofauti kubwa zamani ni sisplatini. Imetengenezwa kwa platini, madini yale ya vito vya thamani. Mwaka 1965 mtaalamu mmoja wa Michigan, Barnett Rosenberg, alikuwa akipitisha umeme katika chombo chenye bakteria, akaona wameacha kugawanyika na kuongezeka. Alipochunguza aligundua kwamba si umeme uliowazuia, ni platini iliyotoka katika vyuma vyake. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliruhusu dawa hiyo itumike kwa wagonjwa, na hata leo ipo katika hospitali nyingi za dunia. Kwa kansa ya kibofu huchanganywa na nyingine iitwayo jemsitabini. Katika jaribio lililoandikwa mwaka 2000, nusu ya waliopewa mbili hizi waliishi karibu miezi 14 au zaidi, sawasawa tu na waliopewa mchanganyiko wa zamani wa dawa nne, ila mateso ya dawa yalikuwa machache.

Sasa hapa ndipo jambo la uzee linapoingia, na hapa twaomba msikilize sana. Sisplatini huharibu figo. Huharibu pia masikio, mishipa ya fahamu ya mikono na miguu, na kwa kuwa lazima mgonjwa atiliwe maji mengi kwa dripu, huuelemea moyo uliochoka. Mwaka 2011 wataalamu walikubaliana ni nani asiyefaa kupewa: mtu ambaye figo zake husafisha chini ya mililita 60 za damu kwa dakika moja, mtu asiyeweza tena kazi yoyote, hata kazi nyepesi za nyumbani, mtu aliyepungukiwa sana na usikivu, mtu mwenye ganzi kali ya viungo, na mtu mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo. Angalieni: hakuna mahali palipoandikwa miaka 70, wala 75, wala 80. (Neno la masikio liwaguse walioendesha mashine za kelele miaka 30 bila kizibo. Wengi wenu mwaingia katika dawa hii masikio yakiwa nusu tayari. Mwambieni daktari.)

Tuchukue wazee wawili wa mfano. Wote ni wanaume wa miaka 74. Damu ya kila mmoja imepimwa kreatinini, na cheti cha maabara cha kila mmoja kimeandikwa 90 kwa kipimo cha mikromoli, namba ambayo kwa mwanamume huhesabiwa kuwa ya kawaida. Wa kwanza ana uzito wa kilo 78. Wa pili amekonda, ana kilo 55. Ukiangalia vyeti tu, utasema hawa ni sawa. Lakini iko hesabu iliyowekwa na Cockcroft na Gault mwaka 1976, na hata sasa yatumika: chukua 140, toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha tena kwa 1.23 ikiwa ni mwanamume au 1.04 ikiwa ni mwanamke, kisha gawanya kwa ile kreatinini. Sisi tuliozoea kukagua ovataimu katika karatasi za mshahara hatuwezi kushindwa na hesabu hii. Yule wa kilo 78 hupata 70 hivi. Yule wa kilo 55 hupata 50 tu. Mmoja ameuvuka mstari wa 60, mwenziwe yuko chini yake. Umri ni mmoja, cheti ni kimoja, dawa ni mbalimbali.

Sababu yake ni kwamba kreatinini hutoka katika misuli, na mzee aliyekonda ana misuli michache, basi damu yake huonekana safi na huku figo zimechoka. Akipewa sisplatini kamili kwa kutazama cheti peke yake, figo zaweza kuharibika. Kwa upande mwingine, yule wa kilo 78 akinyimwa dawa kwa sababu tu ana miaka 74, amedhulumiwa. Makosa haya mawili ni ndugu, yote yatoka katika kutopiga hesabu. Na kwa wale walio kati ya 50 na 60, madaktari wengine huigawa dozi ikatolewa siku mbili badala ya moja. Kwa hivyo hata mstari wenyewe si ukuta. (Maabara nyingine huandika kreatinini kwa miligramu, na hapo hesabu yake ni nyingine. Ulizeni kipimo kabla ya kuchukua kalamu.)

Tena figo mbaya haziwi mbaya daima. Pengine uvimbe umeubana mrija, mkojo umerudi nyuma, na figo imejaa kama mtungi uliozibwa. Daktari akipitisha kijimrija cha kuufungua, au akitoboa kwa mgongoni mpaka kwenye figo ili mkojo utoke katika mfuko, figo huweza kupata nafuu kwa siku au majuma machache. Pengine ni tezi dume iliyoziba, na mpira wa mkojo watosha. Pengine ni vidonge vya diklofenaki ambavyo mzee amekuwa akivinunua dukani kila siku kwa ajili ya mgongo, na hakuna aliyemuuliza. Twasema haya kwa sababu neno "figo zimeharibika" likiisha kutamkwa, jamaa hurudi nyumbani kuanza kupanga mazishi. Waulize kwanza: zimeharibiwa na nini, na je, hilo laweza kuondolewa?

Ikiwa sisplatini haifai kabisa, iko ndugu yake kaboplatini. Huivumilia figo dhaifu kwa sababu dozi yake hupimwa kwa nguvu ya figo zenyewe. Haina nguvu kama ya kwanza: katika jaribio la watu dhaifu lililoandikwa mwaka 2012, nusu ya waliopewa kaboplatini na jemsitabini waliishi kupita miezi 9. Hiyo ni kidogo, hatukatai. Lakini mwaka 2020 ilionekana kwamba wale ambao kansa yao haikukua walipokuwa wakitumia platini, ya aina yoyote kati ya hizo mbili, wakiendelea na dawa ya kuamsha kinga ya mwili iitwayo avelumabu, nusu yao waliishi kupita miezi 21, na wasioipata miezi 14. Na mwaka 2024 yaliandikwa matokeo ya jaribio la watu 886, ambao nusu yao walikuwa na miaka 69 au zaidi. Waliopewa dawa mbili mpya, enfotumabu vedotini pamoja na pembrolizumabu, nusu yao waliishi kupita miezi 31 na nusu. Waliopewa platini ya kawaida ilikuwa miezi 16. Kwa ugonjwa huu haijapata kuonekana tofauti kama hiyo. Na dawa hizi mpya hazidai figo zenye nguvu kama sisplatini inavyodai, ndiyo maana wazee wamefaidika nazo.

Nazo zina ada yake mwilini. Enfotumabu huleta upele wa ngozi, ganzi ya vidole, na huweza kupandisha sukari, jambo la hatari kwa wazee wenye kisukari. Pembrolizumabu na avelumabu huamsha askari wa mwili, na mara nyingine askari hao hugeuka wakapiga nyumba yao wenyewe: mapafu, utumbo, maini. Kwa hivyo mzee anayetumia dawa hizo akianza kuhara au kukohoa au kukosa pumzi, asisubiri siku ya kliniki.

Sasa tuseme juu ya nguvu za mzee, maana figo si neno lote. Daktari akimtazama mzee kwa dakika tano mezani hawezi kujua anaishije. Je, huamka mwenyewe? Ameanguka mara ngapi mwaka huu? Amepungua kilo ngapi? Anameza dawa ngapi za magonjwa mengine? Akili inashika? Nani yuko nyumbani mchana? Katika jaribio moja la Marekani lililoandikwa mwaka 2021, wagonjwa 718 wa miaka 70 na zaidi wenye kansa zilizoenea za namna mbalimbali waligawanywa. Upande mmoja daktari alipewa taarifa ya mambo kama hayo pamoja na mashauri ya kufanya. Upande wa pili hakupewa. Kwa wasiopimwa hivyo, 71 katika kila 100 walipata madhara makali ya dawa. Kwa waliopimwa walikuwa 51. Tofauti hiyo haikuletwa na dawa mpya, wala na mashine ya mamilioni. Ililetwa na maswali. Na maswali hayo hata sisi tunaweza kuyaandika majibu yake katika karatasi, mzee akaenda nayo mkononi.

Wako pia wazee ambao kweli hawafai dawa yoyote kali, au wenyewe hawaitaki. Je, hao hawana tiba? Hapa ndipo lile neno la "fedha yatupwa" linapotuudhi zaidi. Kibofu kinachotoka damu kila siku humaliza mtu kwa upungufu wa damu, humzuia kulala, humwaibisha mbele ya wajukuu. Mionzi huweza kuizuia damu hiyo. Huko Uingereza walipima njia mbili kwa wagonjwa 500, matokeo yakaandikwa mwaka 2000: wengine walipigwa mionzi mara 10, wengine mara 3 tu ndani ya juma moja. Nafuu ilikuwa karibu sawa. Fikirini maana yake kwa mzee anayetoka mbali kwa matatu, akiwa na mpira na mfuko wa mkojo chini ya suruali: safari 3 badala ya 10, nauli 3 badala ya 10. Tumewahi kusikia mzee akipangiwa safari nyingi akaacha katikati, kisha akaandikwa kuwa ni mkaidi. Ulizeni kama yawezekana kwa njia fupi. Kuuliza si kumvunjia daktari heshima.

Na maumivu. Kansa ikiingia mifupani huuma usiku. Morfini ya kunywa si dawa ya kumuua mtu, wala mzee hawi mlevi kwayo akipewa kwa kipimo. Hufunga choo, basi apewe na dawa ya choo siku ile ile. Watu wa kituo cha Nairobi Hospice, kilichoanza mwaka 1990, na wenzao wa miji mingine, kazi yao ni hiyo. Msingoje siku za mwisho ndipo muwaendee. Mtu aweza kupokea matunzo yao huku akiendelea na dawa za kansa.

Jambo linalofuata halina hesabu. Katika jamaa zetu mzee akiugua, wakubwa wa nyumba huketi wakaamua, naye huletewa uamuzi kama chakula. Kijana aliye mjini husema shamba liuzwe, baba apelekwe ng'ambo. Binti aliyebaki nyumbani, ambaye ndiye amwoshaye, husema mwacheni apumzike. Wote wampenda. Lakini ni nani aliyemuuliza mwenyewe? Mzee mmoja atasema, "Nipeni dawa kali, nataka kumwona mjukuu akimaliza shule." Mwingine atasema, "Nizuieni damu na maumivu, na shamba libaki kwa watoto." Wote wawili wana haki. Kwa desturi zetu ni vigumu mtoto kumwuliza baba maneno kama hayo uso kwa uso. Basi na atumwe rafiki wa rika lake, au mzee wa kanisa au wa msikiti, au mjumbe wa tawi hili aliyefanya kazi naye. Lakini aulizwe, tena akiwa na nguvu za kujibu. Na aambiwe ugonjwa wake kwa jina lake.

Tulisema tutagusa kazi. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza habari za wafanya kazi 45 wa kiwanda cha rangi za nguo, ambao 3 kati yao walikuwa na uvimbe wa kibofu. Mwaka 1954 uchunguzi wa Uingereza ulithibitisha jambo hilo kwa wafanya kazi wa viwanda vya rangi, na kemikali zenyewe zikatajwa: benzidini na beta-naftilamini. Leo hesabu ya hatari hiyo hutia pia kazi ya kupaka rangi na kazi za viwanda vya mpira. Sigara ndiyo yaongoza, tusijifiche nyuma ya matajiri. Lakini mtu aweza kuwa na yote mawili. Ugonjwa huchukua miaka 20, 30, na hutokea mtu ameshapewa saa ya ukutani na kiinua mgongo chake. Daktari akiuliza "Kazi?" mzee hujibu "Nimestaafu," na karatasi huandikwa hivyo. Aseme alifanya kazi gani, wapi, tangu mwaka gani, alishika dawa gani. Shirika la Kazi la Dunia katika orodha yake ya mwaka 2010 lataja kansa zinazoletwa na kemikali hizo mbili kuwa ni magonjwa ya kazi, na sheria yetu ya fidia ya mwaka 2007 haisemi ajali peke yake, yasema na magonjwa. Kudai si rahisi, na muda wa kudai haungoji. Bila historia ya kazi iliyoandikwa, hata kuanza hakuwezekani.

Sasa fedha, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya zamani ya NHIF imeondoka, na mahali pake ipo SHA. Aliye kazini hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Aliyestaafu hana mwajiri wa kumkatia mshaharani, basi yampasa apimwe mapato ya nyumba yake, alipe mwenyewe, tena kwa mwaka mzima. Wengine hugundua siku ya kulazwa kwamba hawamo. Matibabu ya kansa yana kiasi kilichowekwa kwa kila nyumba kwa mwaka. Kiasi hicho kimekuwa kikibadilishwa, kwa hivyo ulizeni hospitali kabla ya dawa ya kwanza, si baada ya ya tatu. Dawa mpya tulizozitaja bei yake haishikiki kwa mshahara wa kibarua, na mfuko wetu hauwezi kuzinunua. Tusidanganyane.

Lakini tumeona kwamba mambo mengi yanayomwangusha mzee si ya bei hiyo. Ni mchango wa bima ambao haukulipwa. Ni nauli. Ni kulala karibu na hospitali usiku mmoja kabla ya dripu. Ni kupima damu kabla ya kila dozi. Ni mtu wa kuketi naye. Hayo mfuko wetu unayaweza, ukiwekewa kiwango.

Kwa hivyo kamati yapinga shauri la mkutano uliopita, na badala yake yatoa shauri hili. Mfuko uwe na kiwango kimoja kwa mwaka kwa kila mwanachama mgonjwa wa kansa, kijana au mzee, iliyoenea au isiyoenea. Fedha ilipwe kwa bima, nauli, malazi na vipimo, kwa risiti. Na kila mzee asindikizwe na mwanachama mmoja mwenye kuandika. Mtunza hazina ameleta makisio yake, nayo yamebandikwa mlangoni. Someni, mje na maswali. Kura itapigwa mkutano ujao, na wastaafu waliolipa ada yao wana haki ya kuipiga kama mtu mwingine yeyote.

Mpaka siku hiyo, daftari la wanaotaka kusindikizwa liko kwa karani wa tawi, kila Jumamosi asubuhi. Mwenye baba au mama anayekwenda kliniki na aje na cheti cha kreatinini, uzito wa mzee uliopimwa juma hilo hilo, na orodha ya dawa zote anazomeza, za dukani na za miti shamba pia. Tutakaa naye tupige hesabu pamoja, kisha tuandike maswali ya kumpelekea daktari.